Udi wa sukari unaonuka sukari iliyoungua: tupeane uzoefu

MkeWaMkomani
Assalam alaykum ndugu zangu wa Lamu na Malindi. Tukusanye hapa maarifa ya kupika udi wa sukari, yaani vipande vya mti wa udi vilivyopikwa kwa shira (sukari iliyoyeyushwa) na mafuta ya manukato, vya kufukizia. Makopo mengi yanayouzwa siku hizi, ukitia kipande motoni, sukari iliyoungua ndiyo inayotangulia puani na udi wenyewe hauonekani. Leteni vipimo na sababu. "Kadiri upendavyo" haimsaidii anayejifunza.

BiLangoni
Waalaykum salaam. Vipimo vya nusu kilo ya sukari: maji kikombe kimoja cha chai, maji ya nusu ndimu, robo kilo ya udi uliopondwa kadiri ya punje za mahindi, vijiko vitatu vya unga wa sandali, na tola mbili za mafuta ya manukato (tola ni kama gramu 11.7). Usiku wa kabla, upake udi tola moja kati ya hizo, iwe ya halud (mafuta ya udi), uutie chupani na uufunge.

Sukari, maji na ndimu viingie sufuria nzito pamoja. Koroga mpaka sukari iyeyuke, kisha mwiko utoke. Ikishachemka haikorogwi tena, maana punje moja iliyoganda ukingoni ikiangukia ndani, shira yote hurudi kuwa sukari. Ndimu ni kwa ajili hiyo hiyo: ukali wake huivunja sukari isigande. Kingo zipanguse kwa kitambaa kibichi.

Epua rangi ikiwa ya asali changa. Usingoje iwe ya kahawa, kwani sufuria ina moto wake na shira itazidi kuiva nje ya jiko. Tone moja kwenye maji baridi likatike kwa mlio, likivutika, bado. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: shira iliyopita kiasi ina uchungu, na uchungu huo haufunikwi na miski wala ambari.

Ngoja mapovu yatulie kabisa, tia udi na sandali, koroga upesi. Tola ya mwisho ya mafuta iingie wakati mchanganyiko umekuwa mzito. Mawardi na asumini ni harufu nyepesi, zikikutana na shira ya moto hupaa na mvuke. Jikoni kutanukia na kopo litabaki tupu. Halud na sandali ni nzito, zinavumilia. Marashi ya kupuliza yenye spiriti msiyatie kamwe, yanashika moto.

Mimina kwenye sinia lililopakwa mafuta, vunja kabla haujawa jiwe, fungia kopo wiki mbili ndipo uutumie.

Dada_Shela
Bi, na msimu wa kusi? Wangu hulowa.

BiLangoni
Sukari hunywa unyevu wa hewa, mwanangu, na sisi tumezungukwa na bahari. Pika kaskazi ukiweza. Wakati wa mvua, vunja na ufungie udi ungali vuguvugu, kwenye chupa ndogo ndogo, maana kopo kubwa linalofunguliwa kila siku hulowa lote.

DukaMalindi
Mimi nazungumzia udi wenyewe. Mti wa udi, jamii ya Aquilaria, hutoka kusini-mashariki mwa Asia, na hautoi utomvu wake wenye harufu mpaka uumie na kuingiwa na kuvu. Jamii yote imo chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2005, kwa hiyo udi wa bei ya chee una maelezo yake: mara nyingi ni ubao mtupu uliochovywa rangi na mafuta. Sugua kipande kwa kitambaa cheupe kibichi. Kikiacha weusi, kirudishe. Udi mzuri ukiwa baridi haunuki sana, hunuka ukipata joto, na utomvu huchemka juu ya kipande. Unaonuka manukato makali ungali mkononi, utilie shaka.

Sandali nayo muulize muuzaji imetoka wapi. Msandali wetu wa Kenya ulipigwa marufuku kuvunwa tangu 2007.

MkeWaMkomani
Ahsante sana. Na chetezo, chombo cha kufukizia?

BiLangoni
Udi uliopikwa vizuri huharibiwa na kaa jekundu. Tandika jivu ndani ya chetezo kwanza, udongo usipasuke, kisha makaa ya kifuu. Ngoja yavae jivu jeupe, ndipo utie kipande kimoja, kidogo kama ukucha. Kinatakiwa kiyeyuke polepole. Kikitoa povu jeusi na moshi mzito, moto ni mkali: ongeza jivu, usiongeze udi. Nguo na nywele zishike harufu zikiwa na ubichi kidogo.

Na dirisha liwe wazi. Makaa katika chumba kilichofungwa yanaua, na mwenye pumu asikae humo.

Dada_Shela
Na shira ikishaganda punje, inaokoleka?

BiLangoni
Kama udi haujaingia, ndiyo. Ongeza nusu kikombe cha maji na matone ya ndimu, irudishe jikoni kwa moto mdogo mpaka iyeyuke yote, uanze upya. Udi ukishaingia, usiirudishe motoni. Uvunje hivyo hivyo na uutumie wa kufukizia nyumba.