Ushauri: Benchi la useremala la mtindo wa Shaker, mbao gani na kabati likae vipi?

RandaNaPatasi (Iringa)
Habari zenu mafundi. Nataka kutengeneza benchi la kazi la mtindo wa Shaker, lile ambalo chini ya bao la juu kuna kabati zima lenye droo badala ya miguu mitupu. Karakana ni mita 4 kwa 5, benchi litaegemea ukuta. Kazi zangu ni milango, makabati na viti, na randa ya mkono naitumia sana. Nina msumeno wa meza, drili na ruta. Kunyoosha mbao napeleka kwenye mashine ya jirani.

Nilivyopanga: urefu futi 7, upana inchi 24. Bao la juu la mninga, chini msindano. Sokoni kuna msindano mwingi wa kijani ule uliopigwa dawa, bei nzuri. Droo nataka zianzie moja kwa moja chini ya bao la juu ili nisipoteze nafasi, na jiriwa (kibanio cha kushikia mbao) ninunue ya chuma ya kufunga pembeni. Naomba mnikosoe kabla sijakata mbao.

SeremalaMkongwe
Karibu mkuu. Mpango mzuri, ila umeanza na droo. Benchi ni chombo cha kushika kazi, kabati linapata nafasi inayobaki.

Shaker ni jamii ya dini iliyovuka kutoka Uingereza kwenda Marekani mwaka 1774 ikiongozwa na Ann Lee. Karakana zao, kama za Hancock kule Massachusetts na Mount Lebanon kule New York, zilikuwa za jamii nzima, ndiyo maana mabenchi yao mengi ni marefu mno, futi 10 na kuendelea. Urefu huo usiuige, wewe futi 7 zinakutosha. Kinachofaa kuigwa ni hiki: bao zito, mguu wa mbele wa kushoto wenye jiriwa ya mbao, na ubao unaoteleza mbele ya droo ukiwa na matundu ya vigingi vya kubeba mlango unapourandia ukingo. Kabati lao linapendeza, lakini lisichukue nafasi ya vitu hivyo vitatu.

Droo zikigusana na bao la juu utapata shida nne:
- Kishikizo cha chuma kinachogongwa kwa nyundo kwenye tundu la bao hushuka chini ya bao milimita 100 hadi 150. Kitagonga droo.
- Maranda yote yatadondokea ndani ya droo kupitia matundu ya bao.
- Klempu haitapata pa kung'ata ukingoni.
- Vifundo vya droo vitasukuma ubao ulioubana kwa mbele.

Kwa hiyo acha milimita 150 tupu kati ya bao na kabati, na juu ya kabati weka plaiwudi ya milimita 6 isiyogongwa misumari, uweze kuivuta na kumwaga maranda. Miguu ya mbele isawazike kabisa na ukingo wa bao, lakini uso wa droo urudi ndani milimita 65 hadi 70. Kifundo cha milimita 30 kitakaa humo bila kumsumbua mtu, na klempu itapata midomo.

Urefu wa kwenda juu: simama wima, mikono ikining'inia, pima kutoka sakafuni hadi kifundo cha mkono. Kwa watu wengi inaangukia kati ya milimita 820 na 870. Mtu wa randa ya mkono achague upande wa chini.

MsumariMoto (Mafinga)
Mkuu, huo msindano wa kijani uache hapohapo. Ni mbao za kupaua. Dawa inayotumika sana ni ya shaba, kromiamu na aseniki, na wewe utairandia, utaipiga msasa na kuivuta puani. Mabaki yake usiyachome jikoni hata kidogo. Tena mara nyingi huuzwa zikiwa bado mbichi kwa dawa.

Chukua msindano mweupe usio na dawa, halafu uukaushe. Usiamini neno la muuzaji kwamba "imekauka". Kata kipande cha sentimita 2 ukiwa umeingia sentimita 30 kutoka mwisho wa ubao, maana ncha hukauka mapema na hudanganya. Pima kwa mizani ya gramu, weka kwenye oveni nyuzi 103, pima tena na tena mpaka uzito usishuke. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa mwanzo, gawanya kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Ikija asilimia 12 hadi 14 unaweza kuanza. Ikipita 18, panga kivulini kwa vijiti vya inchi moja, kijiti kila sentimita 40, weka mzigo juu na usubiri.

SeremalaMkongwe
Sasa bao la juu. Nunua 2x4 za futi 8, zigeuze zisimame kwa ubavu na uziunganishe kwa gundi. Ukizirandia zinabaki kama milimita 44 kwa 90. Vipande 14 vinatoa milimita 616, ukisawazisha unapata 610, yaani inchi 24 kamili. Bao la 2130 kwa 610 kwa 90 ni kama mita za ujazo 0.117. Kwa msindano ni kilo 50 na kitu, kwa mninga kama kilo 75.

Uzito huo ndio unaozuia benchi kutembea unaposukuma randa. Mninga unafaa mno kwa sababu haujikunji wala kusinyaa sana, lakini bei yake unaijua. Ukinunua, dai risiti na alama ya nyundo ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) kwenye mbao, isije ikakukuta barabarani. Mkongo ni mzito zaidi na nao umetulia. Mvule unafaa, ila ndani yake hutokea mawe ya chokaa yanayong'oa meno ya msumeno, na vumbi lake linawasha kifua. Mtiki una mafuta, hivyo futa uso wa kuunganisha kwa thina dakika chache kabla ya gundi, vinginevyo kiungo kitaachia baadaye bila taarifa.

Ukitaka kubana bei, hata baadhi ya mabenchi ya Shaker yana mbao ngumu mbele na laini nyuma. Patasi na nyundo hufanya kazi sentimita 30 za mbele, nyuma panakaa zana tu.

Mgrevilea_Nyeri
Naongeza la huku Kenya: tukikosa mninga tunatumia mgrevilea kwa bao la juu na saipresi kwa kabati. Mgrevilea una uzito wa kutosha, tatizo lake ni nyuzi zinazogeuka, randa inachana. Panga vipande vyote nyuzi zikielekea upande mmoja kabla ya kupaka gundi, chora mshale kwa penseli kwenye kila kimoja. Mkaratusi nisingeushauri kwa bao, unapasuka na kujipinda hata ukiwa umekauka.

Kuhusu kuchanganya ngumu na laini: mbao mbili hazisinyai sawa hata kwa unene. Baada ya msimu mmoja utahisi kingo kwenye mstari wa kiungo, nusu milimita hivi, na ubao unaoutelezesha utakwama hapo. Ama uache mfereji wa sentimita moja katikati, ama ukubali kusawazisha bao upya mwakani. Mimi naona mfereji ni bora, klempu nayo inapita humo.

RandaNaPatasi (Iringa)
Asanteni sana. Nimekubali mninga 7 mbele, msindano 7 nyuma, mfereji katikati. Maswali mawili: gundi naunganishaje vipande vingi bila kukauka mkononi? Na bao nalifungaje kwenye kabati lisipasuke?

SeremalaMkongwe
Gundi nyeupe ya mbao inakupa kama dakika 10 tu, na jua la mchana hupunguza. Usijaribu vipande 7 kwa mpigo. Fanya kundi la vipande 4 na la vipande 3, yakikauka yapeleke kwenye mashine ya jirani yanyooshwe unene, ndipo uunganishe makundi mawili kwa kiungo kimoja tu. Klempu kila sentimita 25, hivyo 9 kwa urefu wako, nusu juu nusu chini ili bao lisikunje. Huna klempu 9? Chukua vipande vya 2x4, pigilia vizuizi viwili kila mwisho, weka bao katikati na ugonge kabari pembeni. Kabari mbili zinazokabiliana zinabana vizuri tu.

Kufunga: msindano wa upana huo unaweza kutembea milimita 4 hadi 6 kati ya masika na kiangazi. Mninga karibu nusu yake. Basi ubao wa mbele uufunge kwa bolti imara ili ukingo usiondoke kwenye mguu. Wa nyuma uutobolee tundu refu la milimita 10 kwa 20 kwenye upau wa fremu, bolti ya milimita 8 na washa pana, nati usiikaze mpaka mwisho. Utembee kuelekea ukutani. Acha nafasi ya kidole ukutani pia.

Paneli za pembeni vilevile: zikae kwenye mfereji wa fremu bila tone la gundi. Fremu ndiyo inayogundishwa, ulimi (ncha inayoingia kwenye tundu la kiungo) uwe theluthi ya unene wa mbao, yaani milimita 15 kwa mbao ya 45, urefu 60, na ukitoboa tundu la kigingi kwenye ulimi lirudishe milimita 1.5 kuelekea bega ili kigingi kivute kiungo.

KerezaVyuma (Dar es Salaam)
Jiriwa. Ile ya chuma ya kufunga pembeni inashika vizuri vitu vidogo, lakini kwa mlango uliosimama hadi sakafuni vyuma vyake viwili vinazuia. Ya mguu inabana mpaka chini, na gharama kubwa ni skrubu tu.

Mpelekee fundi wa kukereza: chuma cha milimita 28 au 30, meno ya mraba au ya trapeza, hatua (umbali wa jino hadi jino) milimita 6, urefu milimita 450, na nati ya shaba nyeupe au chuma. Meno ya bolti ya kawaida yenye ncha yataliwa upesi na yanakwenda polepole. Skrubu ya jeki ya skafoldi inaweza kufaa kwa bei ndogo, ingawa meno yake ni ya kukwaruza na inabidi uyasafishe kwa brashi ya waya na kuyapaka grisi.

Mahali pa skrubu panabadilisha nguvu. Tuseme fimbo ya chini yenye matundu ya pini, ile inayozuia taya (ubao wa kubana) isiingie kwa chini, iko milimita 700 chini ya uso wa benchi. Skrubu ikikaa 220 chini ya uso, taya inapata 480 kwa 700, kama asilimia 69 ya nguvu unayokaza. Ukiishusha hadi 300 unabaki na asilimia 57, na faida ni kwamba mlango mpana zaidi unaingia. Kwa kazi zako 220 hadi 240 inatosha. Taya iwe ya mbao ngumu milimita 75 kwa 200.

Na hili wengi hulisahau: skrubu hiyo inaingia nyuma ya mguu milimita 300. Droo hazikai hapo. Acha chumba kitupu cha milimita 350 kushoto, weka mlango, hifadhi klempu.

RandaNaPatasi (Iringa)
Nimeelewa. Orodha yangu mpya ikaguliwe:
- 2x4 futi 8, mninga 7, msindano 7: bao la juu
- 2x4 futi 12, msindano 2: miguu minne, kila mmoja vipande viwili vilivyounganishwa, urefu 760
- 2x6 futi 12, msindano 4: mapau marefu na mafupi
- Plaiwudi ya 12 mgongoni, ya 6 kwa chini ya droo na kifuniko cha kuzuia maranda
- Droo 6, safu mbili, vimo 110, 140 na 180
- Vanishi kwa bao lote

SeremalaMkongwe
Plaiwudi ya mgongoni ibaki, ndiyo inayozuia benchi kuyumba. Droo ziache hewa ya milimita 2 juu, ukizibana kiangazi masika hazitafunguka. Marekebisho mawili. Mguu wa mbele kushoto usiwe msindano wala 90 kwa 90, unabeba nati ya jiriwa: tumia mninga, 90 kwa 140. Na vanishi itoe kwenye orodha. Kazi itateleza, na gundi ikidondoka utaing'oa pamoja na ngozi ya vanishi. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa, nusu kwa nusu na tapentaini, mikono miwili, futa yanayobaki baada ya dakika 20. Kabati paka rangi ukitaka, wenyewe walipaka sana nyekundu na njano.

MsumariMoto (Mafinga)
Matambara ya hayo mafuta usiyakunje na kuyatupa kwenye pipa la maranda. Yanajipasha moto yenyewe na kuwaka. Yaanike nje yakiwa yametandazwa au yatumbukize kwenye ndoo ya maji. Na chini ya kila mguu weka kipande cha tailizi au jiwe bapa, msindano mweupe ukigusa sakafu ya udongo mchwa hawachelewi.