IST 1.5: gari imekuwa nzito kuondoka baada ya kubadilisha ekzosi

Upepo wa Raskazone:
Habari za jioni wakuu. Gari ni Toyota IST, injini 1NZ-FE, gia otomatiki, iko hapa Tanga. Limetolewa bomba la kiwandani lenye kipenyo cha milimita 43, likawekwa la inchi mbili na nusu mpaka nyuma, na silensa ya kupitisha moja kwa moja. Masega (kisafisha moshi ndani ya ekzosi) yamebaki, ila kiungo cha mbele kilifunguliwa. Tangu hapo ukikanyaga mafuta inasita kwanza ndipo iondoke, na kupanda Amani kutoka Muheza imekuwa kazi. Ikivuka mizunguko 3,500 inavuta vizuri. Mafuta inakula zaidi na mdomo wa ekzosi una masizi meusi. Taa ya injini haijawaka. Nirudishe bomba la zamani?

Spana 14:
Usirudishe bado, mkuu. Una matatizo mawili yanayofanana. Bomba limekuwa kubwa mno: kutoka milimita 43 kwenda 63 eneo la ndani limezidi mara mbili, kwa hiyo moshi unakwenda polepole kwenye mizunguko ya chini na hausaidii tena kuvuta moshi uliobaki ndani ya silinda. Ndiyo maana nguvu inarudi juu. Lakini bomba kubwa peke yake halileti masizi wala kula mafuta namna hiyo. Hapo mimi nashuku kiungo cha mbele kinavuja.

Moshi hutoka kwa mapigo. Kati ya pigo na pigo shinikizo linashuka, na palipo na tundu hewa ya nje inaingia. Tundu likiwa kabla ya sensa ya oksijeni ya kwanza, au sentimita chache tu baada yake, sensa inaona oksijeni nyingi na kompyuta inaamini mafuta ni machache, basi inaongeza. Injini inazama kwenye mafuta huku sensa bado inalia njaa.

Pima hivi, injini ikiwa ya baridi kabisa. Weka maji ya sabuni kwenye viungo na kila mshono wa kuchomelea, washa gari, mwenzako azibe mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kinene sekunde chache tu. Povu litakuonyesha. Fanyia nje, moshi huu unaua.

Boliti Kavu:
Naongezea: chomeka mashine ya kusoma makosa hata kama taa haijawaka. Tazama asilimia za marekebisho ya mafuta, yaani kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta, ya muda mfupi na ya muda mrefu, uzijumlishe. Ndani ya 10 juu au chini si mbaya. Soma kwenye sailensi, yaani injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta, kisha kwenye mizunguko 2,500. Kama ni kubwa chini na inapungua juu, ni hewa ya wizi, ya ekzosi au ya upande wa kuingizia hewa, kwa hiyo kagua na mipira ya hewa. Ingekuwa masega yameziba, dalili zingegeuka: chini nzuri, juu inakufa.

Upepo wa Raskazone:
Ahsanteni sana. Sailensi imesoma jumla 19, kwenye 2,500 imesoma 6. Povu limetoka kiungo cha mbele. Gasketi ni ile ile ya zamani, imepakwa silikoni nyekundu.

Spana 14:
Ndiyo hiyo. Gasketi ya kiungo hicho ikishabanwa haibanwi tena, weka mpya. Springi za boliti zikiwa zimelegea au zimeliwa na kutu, badilisha zote mbili. Kwa hewa hii ya chumvi hazidumu. Silikoni ikwangue yote, usipake nyingine. Mvuke wa silikoni ya kawaida unaganda kwenye ncha ya sensa na kuifanya ichelewe kusoma. Ukiitoa na kukuta ina utando mweupe, nunua mpya, kuisafisha hakusaidii.

Kisha bomba. Kwa injini ya 1.5 isiyo na tabo (turbo), inchi mbili inatosha kabisa, na silensa yako inaweza kubaki kwa kuunganisha kipande cha kupanulia. Kabla fundi hajachomelea, toa waya hasi wa betri; umeme wa kuchomelea unaweza kuua kompyuta. Mwambie pia asiache vitone vya chuma ndani ya mshono, na waya za sensa zisiguse bomba.

Boliti Kavu:
Ukimaliza, futa kumbukumbu ya marekebisho kwa mashine, la sivyo kompyuta itaendelea kumwaga mafuta kwa kipimo cha zamani kwa muda. Iache sailensi mpaka ipate joto, AC imezimwa, halafu endesha taratibu kuelekea Pongwe na kurudi, usome tena. Zikibaki juu ya 10 na hakuna povu, geukia sensa ya hewa inayoingia: isafishe kwa dawa yake maalumu, si ya kabureta, na usiiguse kwa kidole.