Umemsindikiza mgonjwa, majeruhi ukawa wewe: tupeane uzoefu

Mpwa wa Bibi:
Wakuu, leo asubuhi gari la wagonjwa limepita Ubungo na king'ora chake, nikajikuta nimeshika mdomo. Mwaka 2016 nilikuwa nyuma namsindikiza babu, dereva akakwepa bodaboda, nikaruka kutoka kwenye benchi mpaka mlangoni. Meno mawili yakaenda. Babu yuko kwenye machela, kafungwa vizuri, ananiuliza, "Vipi mjukuu, umeumia?" Yaliyowakuta wengine tusimuliane.

Kaka Chuma:
Lile benchi la pembeni halifai. Umekaa ubavu, breki ikifungwa huna pa kushika.

Binti Kihesa:
Nilijiapiza nisiliongelee hili. Mwaka 2019 mama mdogo alipewa rufaa ya figo, Iringa kuja Dar. Usiku, manyunyu. Nyuma ya ile Land Cruiser tulikuwa mimi, kaka, nesi na mgonjwa, pamoja na beseni, chupa ya uji na mabegi. Mlima Kitonga tukashuka salama, kila mtu akashusha pumzi. Kumbe! Tulipoipita Ruaha Mbuyuni dereva akakanyaga mafuta, kaka akachungulia akasema iko 110. Hiyo ni kama mita 30 kwa sekunde. Mbele lori bovu, halina taa, na matawi wameyaweka hapo hapo karibu na tairi.

Hatukuligonga. Tulilikwepa, tukaingia mtaroni, gari likalala ubavu. Nilichokiona kwanza ni mtungi wa oksijeni unakuja. Ulikuwa umefungwa kwa bandeji kwenye mguu wa benchi! Ukampiga kaka pajani, mfupa tukausikia wote. Mimi mtulinga. Nesi alikuwa amesimama kashika dripu kwa mkono maana cha kutundikia kilishavunjika, akagonga kichwa darini. Akawa anauliza swali moja tu, "Leo zamu ya nani?" Tena na tena.

Watu walikuja na tochi, mmoja akaondoka na begi langu. Aliyetubeba ni fuso la vitunguu. Mama mdogo na machela yake juu ya magunia, sisi pembeni. Hospitali tuliyofikia mlinzi akatuangalia wote, akauliza, "Mgonjwa ni yupi sasa?" Mama mdogo hakuwa na hata mkwaruzo.

Kaka Chuma:
Duh, pole dada. Hapo kwenye mtungi nimesisimka.

Mzee wa Data:
Fuso la vitunguu linajazwa rumbesa. Machela ilikaaje huko juu?

Binti Kihesa:
Ulikuwepo? Au wewe ndiye uliyeondoka na begi?

Dereva Mstaafu:
Nimeendesha haya magari miaka kumi na moja. Mnatulaumu, lakini anayepiga kioo cha nyuma "kanyaga, anakufa!" ni nani? Ndugu mnapanda watano, mkiambiwa mfunge mkanda mnasema unabana.

Kaka Chuma:
Mkanda upi, mzee? Nililopanda mimi mkanda umekatwa, umefungia tairi la akiba. Na mkirudi mnapakia mkaa.

Dereva Mstaafu:
Mkaa sijawahi. Mbuzi mmoja tu, na alikuwa wa daktari.

Nesi wa Usiku:
😂 Sisi manesi tufanyeje? Nikifunga mkanda, mkono haumfikii mgonjwa. Moyo wake ukisimama lazima nisimame nimkandamize kifua, gari linayumba. Siku hizi kabla hatujaondoka naukagua mtungi kwanza, halafu ndiyo mgonjwa. Wananiona nina roho mbaya.

Mpwa wa Bibi:
Mbele kwa dereva ndiko salama, ombeni huko.

Mama Watatu:
Mbele? Shemeji yangu alikaa mbele, magoti yote mawili kwisha. Kaeni kile kiti cha kichwani kwa mgonjwa, kinachotazama nyuma, mgongo unaegemea.

Kaka Chuma:
Mimi nafuata na basi. Tutaonana wodini.

Mama Watatu:
Na msiondoke bila PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Watu wanamkimbilia mgonjwa, wao wanasahau kuandikwa. Miezi mitatu baadaye bega linauma, ukifuata bima unaulizwa ripoti ya polisi, huna.

Binti Kihesa:
Ndicho kilichonikuta. Jina langu halikuwepo kabisa. Aliandikwa kaka na dereva.

Mpwa wa Bibi:
Na mama mdogo?

Binti Kihesa:
Alifika Dar siku ya pili, akaanza kusafishwa damu. Tulimzika mwaka uliofuata, figo hizo hizo. Kaka bado anachechemea.

Mzee wa Data:
Pole dada, nisamehe. Lakini bado sijaelewa machela ilipandaje.

Nesi wa Usiku:
Wewe mzee, hebu toka hapa.