Tupeane uzoefu: Mwenzako akikuomba jibu ndani ya mtihani, ulifanyaje?

Mwenye mada, Tudor
Wadau wa Mombasa, hili linanikera. Muulize mwanachuo yeyote kama kuiba mtihani ni vibaya, atakwambia ni haramu. Lakini karatasi zikishagawanywa, anayefunika yake ndiye anayeitwa mchoyo. Kwetu Pwani tumelelewa kugawana, na hakuna anayetaka jina la roho mbaya. Juzi nimemwona kijana ameandika fomula kwa penseli ndani ya kifuniko cha kikokotoo, herufi ndogo kama mayai ya chawa, na majirani zake wanangoja zamu ya "kuazima". Mwakenya mzima, yaani maandishi ya kuibia mtihani, mchana kweupe, na wala hawakuona haya. Walioona haya ni waliokataa kukipokea. Waliowahi kukataa, na waliowahi kukataliwa, hebu tuelezeni. Majina ya vyuo tuyaache.

Muuguzi, Changamwe
Mie nimesomea uuguzi. Hesabu za dozi ziliwatesa wengi, na rafiki yangu mmoja alikuwa akipita kwa kuangalizia kwangu. Siku niliyomnyima, alininunia hadi muhula ukaisha.

Tukaja kupangwa pamoja wodi ya watoto. Daktari ameandika gentamicin miligramu 30. Kichupa kina miligramu 80 ndani ya mililita 2, kwa hiyo unavuta mililita 0.75, hesabu ya mstari mmoja. Nikamkuta amevuta mililita 2 zote, na mama yuko papo hapo kampakata mwanawe, ameshamkunja mguu tayari kwa sindano. Nikamshika mkono. Dawa ile ikizidi huharibu figo na masikio, na mtoto hawezi kukwambia kwamba hasikii vizuri. Tukaimwaga, nikamkalisha pembeni tukaipiga hesabu upya, yeye akiandika. Mtu asiniambie tena kwamba kuonyeshana ni kusaidiana.

Kijana wa Bamburi
Mimi niliitwa mchoyo mpaka nahitimu. Wale wale walionisema walikuja kujisomea nami maktaba, na huko niliwafundisha bila kinyongo.

Mwandishi, Mtwapa
Tusiishie kwenye chumba cha mtihani. Nimewahi kuishi kwa kuwaandikia insha wanafunzi wa Uingereza na Marekani, tukilipwa kwa ukurasa, na wengi wenye digrii hapa Kenya wamelipa kodi ya nyumba kwa kazi hiyo. England ilipoipiga marufuku biashara hiyo kwa sheria ya 2022, iliwalenga wauzaji, si mwanafunzi anayenunua. Mwishoni mwa mwaka huo huo ikaja ChatGPT, na oda zangu zikakauka.

Ninachoogopa ni hiki: wadogo zetu wanaona kazi kuandikiwa ni jambo la kawaida, ni pesa yako tu. Mmoja alinijia na ada mkononi nimwandikie mradi wa kuhitimu. Nikamuuliza mada yake, hakuijua! Nikakataa pesa, nikamwonyesha jinsi ya kutunga hojaji, akaenda mwenyewe sokoni Kongowea kuwahoji wauza mboga. Alirudi anabishana nami juu ya matokeo yake. Nilifurahi sana.

Mwalimu mstaafu, Likoni
Wanangu, nimesimamia mitihani miaka mingi. Tabia hii wanafunzi huja nayo kutoka shule. KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ya 2015 ilikuwa na A zaidi ya 2,600; 2016, mwaka ambao ulinzi ulikazwa, zikawa 141. Lakini nasi wa vyuoni tuna deni. Mwanafunzi anafanya mtihani wake kwa haki, kisha alama zinapotea, anazungushwa ofisi hadi ofisi, mwisho anaambiwa arudie. Nimewaona vijana waaminifu wakivunjika moyo hapo hapo, wakaanza kusema bora wote tuibe. Siwaungi mkono, ila siwezi kuwalaumu wao peke yao.

Mwenye mada, Tudor
Shikamoo mwalimu, na ahsante kwa kulisema wazi. Kwa walioko chuoni sasa: usitoke chumbani kabla ya kutia sahihi kwenye orodha ya waliofanya mtihani, na kadi yako ya mtihani usiitupe hata baada ya muhula. Alama zikikosekana, peleka barua kwa mkuu wa idara mapema na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Kuna yeyote hapa aliyefuatilia alama zake zikapatikana? Ulianzia ofisi gani?