Mbawakawa wa ardhini wamepungua kinamasini baada ya tuta kubomolewa

MpimaTope: Wadau, huu ni mwaka wa 3 tangu tuta libomolewe ili bahari irudi kwenye kinamasi cha chumvi. Mambo mawili yananisumbua. Vikombe vya mitego, vilivyofukiwa ardhini ili mbawakawa watumbukie, vinang'oka na kuelea maji yakijaa. Pili, spishi za Carabidae (familia ya mbawakawa wa ardhini) ni chache kuliko mwaka wa 1. Je, urejeshaji umekwama?

Bamvua: Mkuu, anza na mwezi. Bamvua, yaani maji makubwa, huja karibu na mwezi mchanga na mwezi mpevu. Katikati ni maji mafu, yanayojaa kidogo. Tega siku 5 hadi 7 za maji mafu, tena sehemu za juu tu. Kule chini bahari hufika kila siku, mtego ni kazi bure.

Kikombe huelea kwa kuwa maji ya ardhini hukisukuma kutoka chini. Tia kokoto ndani, kisha kibane kwa kulabu 2 za waya zilizozama kwenye tope. Yale matundu ya kupunguza maji ya mvua yanayotobolewa nchi kavu hayafai hapa, maji ya chini yataingia humo humo. Jaza theluthi moja: propilini glaikoli (kimiminika cha kuhifadhi wadudu) na maji, nusu kwa nusu, na matone machache ya sabuni isiyo na harufu.

Angalia sana ukingo. Tope likikauka hujikunja na kuacha ufa kuzunguka kikombe, na Bembidion, mbawakawa wadogo wa ardhini, hugeuka na kurudi hapo hapo bila kutumbukia. Rudi siku ya 2 uzibe.

BawaFupi: Kupungua huko kunaweza kuwa habari njema! Mwaka wa 1 bado unanasa wa nchi kavu waliobaki nyuma ya tuta; chumvi ikiingia wanatoweka. Usihesabu spishi tu, zigawe: wanaotegemea chumvi, wa kingo za maji, na wanaoishi popote. Kisha linganisha na kinamasi cha asili kilicho jirani, mitego ikiwa kwenye kimo kile kile. Tofauti ya sm 10 hubadilisha kabisa saa za kufunikwa na maji.

Tazama na mabawa. Inua gamba la juu kwa pini chini ya darubini. Kwa spishi kama Pogonus chalceus, mbawakawa wa kinamasi cha chumvi wa Ulaya, wapo wenye mabawa marefu na wenye mafupi. Wanaoruka ndio hutangulia kwenye eneo jipya. Mafupi yakianza kuongezeka mwaka hadi mwaka, ujue jamii inatulia. Dyschirius nao, mbawakawa wa ardhini wawindaji, usiwatarajie kabla ya Bledius, mbawakawa wachimba mashimo, maana huwawinda ndani ya mashimo yao.

Kokotoa: Nyongeza: mtego hupima mwendo, si wingi. Majani yakisongamana mbawakawa hutembea kidogo, mavuno hushuka hata kama idadi ni ile ile. Weka fremu ya sm 50 kwa 50, mwagia maji, okota wanaotoka kwa dakika 10.

MpimaTope: Shukrani. Mitego iliyofurika niandike sifuri?

Kokotoa: Hapana, ndugu. Iondoe kabisa, ugawe mavuno kwa siku-mtego (idadi ya mitego mara siku) zilizobaki salama.