Shotistopu wa miaka 15 anadanganywa kila mara na slaida ya nje

kona_ya_tatu: Wakuu, kuna kijana wa besiboli, shotistopu (mlinzi kati ya besi ya pili na ya tatu), anapigia kulia. Kwenye kudaka na kurusha hana shida kabisa. Akishika gongo ndipo kasheshe: slaida (mrusho unaopinda ukikaribia mpigaji) ikishuka chini nje anaizungushia, na akiigusa inaburuza kwenda besi ya tatu. Watu wanamtaja Bobby Witt Jr., shotistopu wa Kansas City huko Marekani, kama mfano. Kwake kilibadilika nini, na huyu aanze na zoezi gani?

kisigino_chini: Namba za Witt zinajieleza. Mwaka 2022, msimu wake wa kwanza ligi kuu, alipiga wastani wa .254 (kama hiti 25 kwa kila mara 100), besi za bure (mrushaji akikosea mara nne) 30, akatolewa kwa straiki tatu (mipira mizuri aliyoikosa au kuiacha) mara 135. Mwaka 2024 alipiga .332 na kuongoza American League, moja ya ligi mbili za juu Marekani; besi za bure 57, straiki tatu 106, na zamu zake za kupiga zilikuwa nyingi zaidi. Yaani alichagua mipira vizuri zaidi.

Huyo wako, mpira wa kuburuza kushoto unaonyesha bega la mbele linafunguka mapema. Gongo linakatiza kutoka nje kuja ndani na kiganja cha juu kinapinduka kabla ya kugusa mpira. Weka tii (kijiti cha kuwekea mpira) kwenye ukingo wa nje wa bamba analosimama kando yake mpigaji, juu kidogo ya goti, usawa wa paja la mbele. Usiisogeze mbele zaidi, mpira wa nje hupigwa ukiwa umeingia. Mipira 20, yote iende uwanja wa kulia. Unaoenda kushoto hauhesabiwi. Mrekodi pia kwa simu ukiwa ubavuni: kisigino cha mbele kiguse chini kabla mikono haijaanza safari.

doa_jekundu: Tii haifundishi macho, na shida ya huyo nusu ni macho. Warushaji wakijinoa, asimame kwenye bamba na helmeti, asipige chochote. Mipira 15. Kila mmoja autaje kwa sauti, "fastiboli" (mrusho wa kasi ulionyooka) au "slaida", kabla haujafika nusu ya njia. Aangalie mkono unapoachia mpira, si uso wa mrushaji. Slaida nyingi huonyesha kidoa chekundu katikati, kwa sababu mishono inazunguka sehemu moja. Mpira wa km 145 kwa saa hufika kwa takriban sekunde 0.4, kwa hiyo akisubiri auone ukipinda amechelewa.

gongo_jepesi: Sawa, ila msimfanye mwoga. Witt hakugeuka mtu wa kusubiri bure: 2024 hiyohiyo alipiga homurani (mipira iliyovuka uzio) 32. Boli (mirusho mibaya) mbili bila straiki, kijana achague nusu moja ya bamba na fastiboli tu. Ikija huko, aipige kwa nguvu zote. Ikija kwingine aiache hata kama ni straiki. Akifikia straiki mbili, apandishe mikono sm 2 au 3 kwenye mpini na apanue miguu kidogo.

Gongo lake uzito gani?

kona_ya_tatu: Inchi 33, aunsi 30. La kaka yake.

gongo_jepesi: Mkuu, lipime leo. Alishike kwa mkono mmoja, ule dhaifu, alinyooshe pembeni usawa wa bega. Likianza kushuka kabla ya sekunde 20, ni zito kwake. Gongo zito linamlazimisha aanze mapema, na ukianza mapema kila slaida inafanana na fastiboli. Mtafutie la inchi 31, aunsi 28, halafu ndiyo urudi kwenye tii.

kisigino_chini: Naunga mkono. Bega linaweza kuwa linafunguka kwa sababu hiyohiyo.