Re: Naja Ujerumani Oktoba na apu yangu, naombeni uzoefu

Kutoka: mdogo wenu, Dodoma

Shikamooni wakubwa, rika langu mambo vipi. Nimepata nafasi ya masta ya kompyuta Ujerumani, naanza Oktoba. Hela ya Sperrkonto, ile akaunti ya benki ya kuonyesha nina hela ya kujikimu, ukoo mzima umechanga mpaka ikafika euro 11,904, hapo namshukuru Mungu. Sasa mi nina apu yangu ndogo ya bodaboda kuhesabu mafuta na faida ya siku, nataka nikifika tu niweke matangazo iniingizie hela ya kula nisiwasumbue tena nyumbani. Kuna mtu anasoma huko huku anatengeneza apu? Siku yako inaendaje? Na ni kweli chuo hakuna ada?

Kutoka: dada, mashariki ya Ujerumani

Marahaba mdogo wangu, hongera, na ukoo wako nao niwape hongera, hizo si hela ndogo. Mi niko mwaka wa pili, nina apu ya kutunza hesabu za vikoba, niliianza kwa ajili ya kikoba cha mama Morogoro baada ya daftari lao kulowana mvua wakakaa wiki tatu wanabishana nani ana hisa ngapi. Nakujibu kidogo kidogo.

> ni kweli chuo hakuna ada?

Vyuo vingi vya serikali hakuna, unalipa mchango wa muhula tu. Ila jimbo la Baden-Württemberg sisi tusio wa Umoja wa Ulaya tunalipishwa euro 1,500 kila muhula, kwa hiyo angalia chuo chako kiko jimbo gani.

> nikifika tu niweke matangazo

Hapa nakuomba usimame kwanza, ndo sababu nimekaa chini kuandika usiku huu wakati nina zoezi la kukabidhi kesho.

Ukipata kadi ya ukaazi itakuja na karatasi ya kukunja inaitwa Zusatzblatt, wengi tunaitia kwenye bahasha tunaisahau. Isome neno kwa neno. Utakuta unaruhusiwa kuajiriwa siku nzima 140 kwa mwaka au nusu siku 280 (zamani ilikuwa 120 na 240, walibadilisha 1 Machi 2024), halafu hapo hapo kuna maneno kwamba kazi ya kujiajiri hairuhusiwi. Sasa apu yenye matangazo ni kujiajiri. Haiangaliwi watumiaji wako wapi wala hela inatokea nchi gani, inaangaliwa kwamba wewe umekaa hapa unafanya shughuli ya kukuingizia kipato na hakuna aliyekuajiri.

Mi sikujua. Miezi mitatu tu baada ya kufika nikaweka matangazo, nikaona si niko chumbani kwangu, wanaotumia ni kina mama wa Morogoro na Kilosa, Ujerumani inahusika nini. Siku ya kuongeza muda wa kibali afisa akapitia taarifa yangu ya benki mstari kwa mstari akasimamisha kidole kwenye euro 31, akauliza hii ya nani. Nikaeleza ukweli. Wakanipa karatasi ya muda wakati wanachunguza, nikakaa nayo miezi minne, mitihani iko katikati, usingizi sina, matangazo nimeshayaondoa lakini jibu haliji. Na humo humo bibi yangu aliyenilea akafariki Machi, sikwenda kumzika kwa sababu niliogopa nikitoka sitaruhusiwa kuingia tena. Mwishowe kibali nilipewa, ila mazishi yalishapita.

Kwa hiyo fanya hivi. Hela ya kula itafute kwenye ajira. Ukipata kazi chuoni kwenyewe, kusaidia maabara au kusahihisha mazoezi, hiyo haihesabiwi kwenye zile siku 140, na maprofesa wa kompyuta wanatafuta watu kila muhula, waandikie imeili hata kabla hujapanda ndege. Apu iache hewani bure bila tangazo hata moja. Halafu peleka ombi idara ya wageni, kifungu ni 21 aya ya 6 cha sheria ya ukaazi, kinasema mtu mwenye kibali cha shughuli nyingine, kama sisi wa masomo, anaweza kuruhusiwa kujiajiri bila kupoteza kibali chake. Anaweza, siyo lazima wakubali, kwa hiyo wape sababu. Mi nilipeleka maelezo ya apu kurasa mbili, makadirio ya kipato na masaa kwa wiki, na matokeo yangu yote kuonyesha masomo hayajalala. Wakaniruhusu, wakaandika kwenye karatasi mpya. Baada ya hapo ndo unajiandikisha ofisi ya kodi kwa mtandao wao wa ELSTER, na kama mauzo yako ya mwaka uliotangulia hayakuzidi euro 25,000 huna haja ya kutoza VAT.

Duka la apu: akaunti ya Google Play ni dola 25 mara moja tu, ya Apple ni dola 99 kila mwaka, we anza na Google maana bodaboda wako wako Android. Kama akaunti yako ni ya mtu binafsi na umeifungua baada ya 13 Novemba 2023 huwezi kuchapisha mpaka uwe na wajaribu 12, yaani watu wa kuijaribu apu, waliojiunga siku 14 mfululizo. Wasikilize vizuri hao 12, siyo wa kujaza namba tu. Wangu walikuwa wanakikoba wenyewe na katika wiki ya kwanza mhazini akaniambia apu inakubali mtu kukopa kabla ya faini ya kuchelewa haijalipwa, kitu ambacho kwao hakipo kabisa, na mi mtoto wa mwanachama sikukijua! Na jingine, hasa kwa dada zangu mnaosoma hapa: ukianza kuingiza hela kupitia Google Play anwani yako kamili inaonekana dukani kwa kila mtu. Mi nakaa peke yangu, nilifikiria sana kabla ya kubonyeza.

> Siku yako inaendaje?

Naamka saa 12, vipindi kuanzia saa 3 kasoro, kazi ya maabara siku mbili kwa wiki, narudi saa 1 usiku nimechoka. Apu siigusi katikati ya wiki labda iwe imeharibika kabisa. Nilijaribu kuandika programu kila usiku mpaka saa 8, matokeo yake nikafeli pepa moja, na vyuo vingi hapa pepa unapewa nafasi tatu tu, ya tatu ukianguka wanakutoa kwenye kozi na kibali nacho kinapotea. Siku yangu ya apu ni Jumapili. Maduka yote yamefungwa, jengo zima kimya, hata mashine ya kufulia hairuhusiwi kwetu, basi Jumamosi jioni napika maharage sufuria kubwa nagawa kwenye vikopo nagandisha, Jumapili nafungua laptopu toka asubuhi. Kuanzia katikati ya Januari mpaka mitihani iishe sitoi toleo jipya, na kikoba wanajua.

Ugumu wenyewe ni saa. Majira ya baridi nyumbani wako mbele yetu masaa mawili, kiangazi saa moja. Mi nilipanga seva itume ujumbe wa kukumbusha kikao kwa saa ya hapa, saa 8 mchana, ambayo ilikuwa saa 10 jioni Morogoro. Ikafika Jumapili ya mwisho ya Machi huku wakasogeza saa mbele, na mi niko kwenye mambo ya kibali na msiba sikukumbuka. Jumamosi iliyofuata ujumbe ukafika Morogoro saa 9, kina mama wakafika mapema wote, mmoja wa wale watatu wenye funguo za sanduku hayupo, wakakaa juani saa nzima na wengine waliacha biashara zao sokoni. Mama hakunigombeza, alinyamaza tu, na mi kunyamaza kwake nakujua. Hifadhi kila saa kwa UTC, ile saa ya dunia isiyosogezwa, na umwonyeshe mtumiaji kwa saa ya Dar es Salaam, usije ukaandika saa ya kompyuta yako.

Mengine haraka haraka. Ukihamia chumba jiandikishe manispaa ndani ya wiki mbili, na barua ya mwenye nyumba uwe nayo. Ada ya redio ni euro 18.36 kwa mwezi kwa kila makazi hata kama huna redio, mkikaa watu watatu mnagawana. Laini yako ya nyumbani usiiache, benki na M-Pesa zinatuma namba za siri huko, itie salio mara kwa mara isifungwe.

Kutoka: kaka, Hamburg

Wadogo zangu habari. Dada kaeleza vizuri, naongeza mawili. Bima ya afya ya serikali kwa mwanafunzi ni kama euro 140 hadi 150 kwa mwezi mpaka ufike miaka 30, lakini kazi zako zikizidi masaa 20 kwa wiki wakati wa muhula, apu ikiwemo, bima wanaweza kusema wewe siyo mwanafunzi tena na bei inapanda sana. Andika masaa yako kwenye daftari.

La pili ni kwako dada, na pole sana kwa msiba. Ile karatasi ya muda ina viboksi ndani. Kama uliomba kuongeza muda kabla kibali hakijaisha, kwa kawaida wanatia alama kwenye kifungu 81 aya ya 4 cha sheria hiyo hiyo ya ukaazi, na hiyo unasafiri nayo ukiwa na pasi na kadi ya zamani, unatoka na unarudi. Isiyoruhusu kurudi ni aya ya 3. Mwenye nayo sasa hivi atazame kabla hajakata tamaa ya kwenda nyumbani.

Kutoka: dada, mashariki ya Ujerumani

Shikamoo kaka. Nimeitafuta usiku huu huu, bado ninayo kwenye faili. Alama iko aya ya 4.

Mwaka mzima nimekuwa nikimwambia mama kwamba walinizuia. Kesho ni Jumamosi, wana kikao saa 10, nitampigia wakimaliza.

Mdogo wangu, wajaribu wako 12 ukipungukiwa niandikie, wawili nitawapata hapa.